Neno Nililolisema Mbele ya Mkhulu

Simu nilikuwa nimeibana kati ya bega na sikio. Mkono mmoja una kipande cha msasa, mwingine umeshikilia mlango wa Corolla niliokuwa nausawazisha puti. Ilikuwa mwaka 2016, mama yuko Tanga, mimi niko Durban, kwenye gereji ya kunyoosha bodi na kupuliza rangi. Habari ya siku hiyo ilikuwa posa ya binamu yangu. Kijana aliyeleta barua ni mtu wa bara, Mkristo, na ukoo mzima ulikuwa umegawanyika. Mama analalamika, mimi naitikia. Mwisho, kwa ile sauti ya mtu anayetaka maongezi yaishe arudi kazini, nikasema: "Sasa mama, kama ameshaamua kuolewa na kafiri, mtamfanya nini?"

Upande wa pili wa gari mashine ya kusugulia ikazimwa. Nikainua kichwa. Mkhulu alikuwa amesimama ananitazama.

Mkhulu ni "babu" kwa Kizulu. Ndivyo tulivyomwita wote pale, maana alikuwa mkubwa wetu kwa umri na kwa ufundi. Rangi yake ikikauka, hata mwenye gari haoni palipogongwa. Kiswahili hakukijua. Alikuwa ameshazoea kunisikia nikiongea na mama kila Ijumaa, na siku zote hakushughulika. Lakini siku hiyo, katika maneno yote yale yaliyompita, moja lilimnasa, kama mtu anavyosikia jina lake likitajwa katikati ya soko.

Akaniuliza nimesema nini. Nikaeleza haraka haraka, kwa Kiingereza changu na Kizulu cha kazini, kwamba kwetu hilo ni neno la dini, maana yake asiye Mwislamu, na wala silo lile la huku. Hakubisha. Akawasha mashine akaendelea na kazi, na hakunisemesha mpaka tunafunga.

Ilinichoma kwa sababu nyingine pia. Mwaka mmoja kabla, Aprili 2015, vijana walipokuwa wakizunguka Durban kuwatafuta wageni, Mkhulu ndiye aliyenichukua akanilaza nyumbani kwake Umlazi, kitongoji cha Durban, usiku tatu. Wenzetu walikuwa wamekimbilia kwenye kambi za Chatsworth na Isipingo. Jirani yake mmoja alikuja kumuuliza kwa nini ameficha kwerekwere. Hilo ndilo jina tulilopewa sisi Waafrika wageni kule, eti kwa sababu tukiongea tunasikika tukisema kwere-kwere. Mkhulu alimjibu jirani mlangoni, mimi nikiwa sebuleni: "Humu ndani yupo fundi mwenzangu." Mtu aliyenisitiri na jina la namna hiyo ndiye niliyemsikilizisha lile lake.

*

Neno lile la Afrika Kusini, tusi la Mzungu kwa Mwafrika, sitaliandika kwa tahajia yao. Wenyewe huliita neno la K, nami nitawafuata. Ila sisi wasemaji wa Kiswahili hatuna pa kujificha, kwa kuwa mzizi wake ni huu huu tulio nao madrasani. Ni la Kiarabu, kwa maana ya asiyeamini. Waislamu wa pwani hii waliwaita hivyo watu wa ndani, Wareno walipofika wakalichukua kwetu wakalifanya "cafre", Waholanzi nao wakalichukua kwa Wareno. Likiwa mikononi mwa Waholanzi na kisha Waingereza likavuliwa dini kabisa. Halikuuliza tena mtu anaamini nini, liliangalia ngozi. Waingereza waliita vita vyao dhidi ya Waxhosa kwa neno hilo, wakaita koloni zima kwa neno hilo, na miaka ya 1890 hata hisa za migodi ya dhahabu kwenye soko la London ziliitwa hivyo hivyo.

Baadaye ndipo Mkhulu aliponisimulia lilivyofika kwake. Alikuja mjini kijana, akapata kazi bandarini. Enzi hizo ni za pasi, kitabu ambacho Mwafrika alitakiwa kutembea nacho, na asipokuwa nacho analala ndani. Msimamizi wao Mzungu hakuwahi kumwita kwa jina. Kitabu kina jina, orodha ya mishahara ina jina, lakini kinywa cha yule bwana kilikuwa na neno moja kwa watu wote wa gati lile. "Akiita, tunageuka wote," Mkhulu aliniambia. Nimeyafikiria sana maneno hayo. Watu thelathini wanageuka kwa mara moja kwa sababu hakuna hata mmoja anayejulikana.

Ukilijua hilo huoni ajabu jinsi sheria ya nchi ile inavyolishughulikia. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ilisikiliza kesi ya mtumishi wa mamlaka ya kodi aliyelitumia kwa mkubwa wake wa kazi, akafukuzwa, kisha msuluhishi akaamuru arudishwe. Majaji walikataa arudishwe kazini. Machi 2018 dalali mmoja wa nyumba wa Johannesburg alihukumiwa miaka mitatu jela, mmoja wapo ukiahirishwa, kwa kuwamwagia neno hilo polisi na wapokea simu za dharura baada ya kuvunjiwa kioo cha gari. Alilirudia mara 48. Watu wengi nyumbani niliowasimulia walisema adhabu ni kubwa kuliko kosa, miaka mitatu kwa maneno tu. Wala siwalaumu, nami ningesema vile vile kabla ya siku ya Corolla.

*

Januari 22, 2019, Pakistan walicheza kriketi na Afrika Kusini hapo hapo Durban, uwanja wa Kingsmead. Sikuwa mpenzi wa kriketi, lakini gereji ilikuwa na Wahindi wawili waliokuwa hawaishi kuufuatilia mchezo huo, na redio ilikuwa yao. Pakistan walipata mikimbio 203. Wenyeji walianza vibaya, wiketi tano zikaanguka upesi, yaani wapigaji watano wakatolewa. Kisha wakasimama Rassie van der Dussen na Andile Phehlukwayo, kijana wa KwaZulu-Natal, wakapiga mpaka mwisho. Phehlukwayo alikuwa ameshawatoa wapigaji wanne wa Pakistan kwa urushaji wake, na sasa akamaliza na mikimbio 69 bila kutolewa.

Katikati ya kipigo hicho, nahodha wa Pakistan, Sarfaraz Ahmed, aliyekuwa amechutama nyuma ya vijiti, alisema kitu kwa Kiurdu. Kwenye vijiti vile kuna kipaza sauti kidogo cha televisheni. Maneno yake, nikiyaleta kwetu, yalikuwa kama: "Oyaa mweusi, leo mama yako kakaa wapi? Umemwambia akusomee nini?"

Mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa sehemu ya pili. Kusomewa tunakujua. Mtoto ana mtihani, mama anasoma. Mtu anasafiri, mama anasoma. Sarfaraz mwenyewe ni hafidhi, msahafu wote umo kifuani mwake, na alitoka kwenye nyumba ambamo mama akimsomea mtoto ni jambo la heshima kubwa. Alichukua jambo hilo tukufu akalifungia kwenye rangi ya kijana mwenzake, akijua kwamba mwenzake haelewi.

Baraza la Kriketi la Kimataifa lilimfungia michezo minne. Nahodha wa taifa akapandishwa ndege kurudi nyumbani katikati ya ziara, na timu ikakabidhiwa kwa Shoaib Malik. Kabla ya hapo alishamwomba radhi Phehlukwayo ana kwa ana, wakapeana mikono, naye akakubali. Miezi michache baadaye aliiongoza Pakistan kwenye Kombe la Dunia kule Uingereza.

Kwenye gereji mjadala ulidumu wiki. Mmoja wa wale Wahindi alisema adhabu imezidi, kwani "kaala" kwa lugha yao ni mweusi tu, huitana hata ndugu kwa ndugu. Mwenzake akamuuliza: basi kwa nini nahodha hakumwita hivyo kijana alipokuwa anashindwa, akangoja mpaka timu yake ipigwe? Mimi nilisema walivyopatana inatosha, maana aliyekosewa amesamehe. Mkhulu alikuwa anachanganya rangi, anapima kwa macho, kimya. Alipomaliza kukoroga ndipo akasema: "Huyo mtoto amesamehe ya kwake. Mama yake ametajwa. Nani amekwenda kumwomba radhi mama?"

Sikuwa na jibu. Nilikumbuka mimi nami siku ile nilikuwa naongea na mama.

*

Tangu hapo kila nikisoma habari ya mtu mkubwa aliyeponzwa na tusi la rangi, natazama kwanza alikuwa anaongea na nani alipolisema. Karibu wote hawakuwa wakiongea na yule waliyemtukana. Walikuwa wakiongea na wenzao.

Aprili 2004, Ron Atkinson, kocha mkongwe wa Uingereza aliyekuwa mchambuzi wa ITV, televisheni ya huko, alimaliza kutangaza mechi ya nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa kati ya Monaco na Chelsea. Akidhani matangazo yamekatika, alimtaja beki Marcel Desailly kwa neno la N, tusi la Kiingereza kwa mtu mweusi, na kumwita mvivu. Uingereza hawakusikia. Mashariki ya Kati walisikia, kwa sababu huko kipaza sauti kilikuwa bado wazi. Akajiuzulu, na safu yake gazetini ikaisha. Waliomtetea walikumbusha kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiwapanga Cyrille Regis, Laurie Cunningham na Brendon Batson pamoja pale West Bromwich Albion, wakati mchezaji mweusi akiwa nadra Uingereza. Ni kweli, na ni sifa yake. Lakini kwangu hilo ndilo linalotisha zaidi. Mtu anaweza kukupa namba kwenye timu, akakutetea, akala nawe, na chumbani bado analo lile neno, limekaa tayari.

Agosti 2006, Dean Jones, bingwa wa kriketi wa Australia, alikuwa akitangaza mechi ya Sri Lanka na Afrika Kusini mjini Colombo. Hashim Amla, Mwislamu wa Durban mwenye ndevu ndefu, akadaka mpira. Jones akasema, akidhani wamekwenda kwenye matangazo ya biashara, kwamba gaidi amepata wiketi nyingine. Afrika Kusini walikuwa hawajakatiwa matangazo, wakasikia. Ten Sports, televisheni aliyokuwa akiitangazia, wakamfukuza, akapanda ndege kurudi kwao. Wazee niliokuwa nikisali nao Chatsworth walimsimulia Amla kama mtoto wao wenyewe, na walikuwa bado wana uchungu na siku ile.

Wazee wale nao wana kisa chao. Wanaitwa Wazanzibari, ingawa wengi asili yao ni Wamakua. Babu zao walikuwa watumwa waliokombolewa baharini na Waingereza, wakapelekwa Natal kuanzia mwaka 1873 kupitia Unguja. Serikali ya ubaguzi ilishindwa kuwapanga, watu weusi wenye misikiti, ikawaandika kuwa Waasia wa aina nyingine, ikawahamisha kutoka mtaa wa Kings Rest kwenda Chatsworth. Kwa hiyo kwenye makaratasi ya nchi ile, ndugu wawili wa damu moja ya Msumbiji waliweza mmoja kuitwa kwa neno la K na mwingine asiitwe, na kilichowatenganisha ni kwamba huyu babu yake alishushwa na meli fulani. Mzee mmoja aliniambia aliona haya siku zote kufurahia nafuu hiyo.

Narudi kwenye mada. Juni 2024, wakati mimi nimesharudi Tanga, Renaldo Gouws aliapishwa Afrika Kusini kuwa mbunge wa chama cha DA (Democratic Alliance). Siku chache baadaye ikaibuka video aliyojirekodi mwenyewe mwaka 2010, ndani yake neno la K na neno la N yakiambatana na wito wa kuua. Alijitetea kwamba alikuwa akitoa mfano, kuonyesha jinsi ambavyo Wazungu nao wanaimbiwa nyimbo za kuwaua. Chama kikamsimamisha, Tume ya Haki za Binadamu ikampeleka kwenye Mahakama ya Usawa, na kabla ya mwaka kuisha chama kikamfuta uanachama, na ubunge ukaondoka nao. Huyu hakudhani kipaza sauti kimezimwa, alikiwasha mwenyewe. Ila naye alikuwa akiongea na wenzake. Hakufikiri kwamba watazamaji wake siku moja watakuwa pamoja na watu aliokuwa akiwataja, na kwamba kura zao angezihitaji.

Naona ni haki kwamba wote hawa waliondolewa kwenye nafasi zao, hata kama mmoja ni kwa muda tu. Anayetangaza mpira, anayeongoza timu ya taifa, anayetunga sheria, amepewa sauti ambayo wengine hawana, na amepewa kwa niaba ya watu, wakiwemo hao anaowatukana. Ni amana. Mtunza duka akila mtaji hatumwambii aombe radhi abaki na funguo. Wala sikubali hoja ya "alikuwa faragha". Maneno ya faragha hayatoki hewani. Kila aliyelisema akidhani hasikiki alikuwa ameshalisema mara nyingi bila kusikika.

*

Na sisi? Kiswahili nacho kina chumba chake cha ndani, tena kikubwa. Tuna gabacholi kwa Mhindi. Tuna mshenzi, neno ambalo watu wa pwani waliwabandika watu wa bara katika enzi ambazo huyo mtu wa bara akikamatwa alifungwa minyororo akauzwa, na leo tunamtupia dereva anayetuchomekea barabarani bila kukumbuka lilitoka wapi. Nimeyasikia yote mawili katika baraza za watu waungwana, na vicheko juu yake.

Kenya walijaribu kuyaandika. Aprili 2022, kuelekea uchaguzi, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya chuki. "Madoadoa" limo, "wabara waende kwao" limo, na "chinja kafiri" limo. Nilipoiona nilishika simu nikiwaza jinsi ya kumfikia Mkhulu nimwonyeshe. Neno lake limesafiri hadi kusini, likafanywa alivyolijua yeye, na huku lilikotoka limewekwa baada ya "chinja".

Miezi michache kabla ya orodha, Januari mwaka huo huo, seneta Mithika Linturi alisimama Eldoret, mji uliozikwa watu baada ya uchaguzi wa 2007, akawaambia wananchi waondoe madoadoa. Mtu wa Bonde la Ufa anajua doa ni nani: ni jirani wa kabila lingine. Alikamatwa, akaomba radhi. Oktoba ya mwaka huo huo akaapishwa kuwa waziri wa kilimo. Namlinganisha na Dean Jones aliyepoteza mkataba siku ile ile kwa sentensi moja, na nashindwa kuelewa sisi tumeuweka wapi uzito. Doa lilimwaga damu Bonde la Ufa. Watu tunaowajua walilala makanisani na kwenye viwanja vya maonyesho. Waliosema hawakupungukiwa na kitu.

Afrika Kusini nayo haikukamilika, nisije nikaipamba. Machi 2015, wiki chache kabla ya mimi kulala Umlazi, Mfalme wa Wazulu, Goodwill Zwelithini, alihutubia mkutano kwa maneno yaliyonukuliwa kwamba wageni wafungashe virago warudi kwao. Yeye alisema amenukuliwa vibaya. Tume ile ile ya Haki za Binadamu ilitamka mwaka uliofuata kwamba maneno yaliumiza ila si ya chuki kisheria. Neno la K lina mahakama. Kwerekwere halijawa na yake. Nilimwambia hivyo Mkhulu siku moja, kwa hasira, na alikubali. Akasema mahakama ya neno lake nayo ilichukua miaka mia tatu.

*

Nilirudi nyumbani mwishoni mwa 2019. Siku ya mwisho gereji tulinunua kuku na mkate, tukakaa juu ya matairi. Mama akapiga, kama kawaida yake, kuuliza nimefunga mizigo. Mkhulu akanyoosha mkono anaomba simu. Sikuwa nimewahi kuwapa waongee. Akaishika kwa mikono miwili, akaongea Kizulu tu, polepole, kama mtu anayetoa salamu kwenye boma la watu. Alimwita "Ma". Nikamsikia akitaja jina langu, akataja Umlazi, akacheka kidogo, akanyamaza kusikiliza Kiswahili asichokielewa, akaitikia "yebo, Ma" mara tatu au nne, akanirudishia.

"Nani huyo?" mama akauliza. "Kaongea kwa adabu sana. Mtu mzima, eh?"

"Ndiye yule mzee aliyenilaza kwake."

"Alaa! Mungu amlipe. Ni Mwislamu?"

Mkhulu alikuwa mbele yangu, hatua mbili, anafuta mafuta ya kuku vidoleni kwa kitambaa cha rangi. Neno lilikuja mdomoni lenyewe, kama linavyokuja siku zote, maana ndilo jibu la swali lile katika lugha yangu.

"Ni fundi rangi, mama," nikasema. "Ndiye aliyenifundisha kazi."